Ukuta na Kiambaza: Nyuso za Majumba Marefu ya Chicago na Istilahi Zake

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua watafsiri wa mikataba na vitabu vya ujenzi, ni machache yaliyo mepesi kwa sura na mazito kwa matumizi kama neno "ukuta". Kila mmoja wetu analijua tangu utotoni, wala hakuna anayelifungulia kamusi. Hata hivyo, mara mfasiri anapokabiliwa na maelezo ya jumba la ghorofa arobaini, neno hilo hilo humlazimu kutajia vitu viwili ambavyo havina undugu: kitu kinachobeba jumba, na kitu kinachobebwa na jumba. Matokeo yake huonekana katika fomu za ukaguzi wa majengo, ambamo swali moja kuhusu "hali ya kuta" hujibiwa kwa jibu moja, na asome asomaye asijue kama kilichopasuka ni uti wa mgongo wa jengo au ni nguo yake tu.

Katika makala haya tunakusudia kulieleza tatizo hilo kwa kuufuata mji mmoja, yaani Chicago wa Marekani, na kutazama jinsi nyuso za majumba yake zilivyobadilika kwa vifaa na kwa rangi tangu mwaka 1871. Mji huo hatukuuchagua kwa kuwa majumba yake ni mazuri kuliko ya kwingine. Tumeuchagua kwa sababu mageuzi haya yalitokea huko upesi, katika muda wa maisha ya mtu mmoja, na majumba mengi yanayohusika bado yamesimama, yamejipanga barabarani kama vidahizo katika kamusi. Rai yetu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno mawili palipohitajika mawili, na kwamba moja kati ya hayo limeachwa lizeeke bila sababu ya kutosha.

Tuanze na maneno yenyewe. Wazee wetu wa pwani hawakuwa na shida hii. Nyumba ya mawe ilikuwa na kuta. Nyumba ya miti ilikuwa na viambaza. Ukuta ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ukiwa kama nusu mita au zaidi, na juu yake zililazwa boriti za mikoko zilizochukua sakafu ya juu. Ukiubomoa ukuta huo, umeibomoa nyumba. Kiambaza ni jambo jingine kabisa. Fundi wa nyumba ya miti husimamisha nguzo, akalaza mwamba, akapanga makombamoyo na kufunga fito. Nyumba huwa imekwisha kusimama kabla udongo haujakandwa. Ndipo watu huja kutomea na kukandika, na mwenyewe akipenda hupaka chokaa juu yake. Mvua ikikiosha kiambaza, paa halianguki. Hukandikwa tena msimu unaofuata. Ilipoenea tofali ya saruji, watu wakaanza kuita kila kitu ukuta, na kiambaza kikabaki katika vinywa vya wazee na katika mashairi.

Neno la pili linalohitaji kusafishwa ni lile la kutajia upande wa jengo unaotazama barabara. Tumewahi kuona pendekezo la kulitohoa neno la Kifaransa, ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelichukua, na kuliandika "fasadi". Pendekezo hilo halifai hata kidogo. Kiswahili kinalo neno fasadi tangu zamani, lenye asili moja na fisadi na ufisadi, na mkataba wa serikali unaotenga fedha kwa ajili ya "fasadi ya jengo" utafika kwa mkaguzi wa hesabu kabla haujafika kwa fundi. Neno "uso" latosha. Tena lina usahihi ambao huenda waliolibuni hawakuutarajia, kwa maana uso ni upande mmoja tu wa kichwa. Katika mitaa ya Chicago ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, jengo lilivalishwa tofali laini, la rangi moja, upande wa barabara, na kwa nyuma na ubavuni likaachiwa tofali la kawaida la udongo wa huko, lenye madoa ya manjano na waridi, ambalo halikukusudiwa kutazamwa na mgeni. Hivyo palikuwa na tofali la uso na tofali la nyuma, na bei zake zilikuwa mbalimbali.

Sasa tuingie mjini. Usiku wa tarehe 8 Oktoba, 1871 moto uliwaka Chicago na haukuzimika hadi tarehe 10. Majengo zaidi ya 17,000 yaliteketea. Watu wapatao 300 walikufa, na wapatao 100,000 walibaki bila makao. Kwamba nyumba za mbao ziliungua si ajabu. Lililowashtua wajenzi ni kwamba majengo yenye nguzo za chuma, yaliyodhaniwa kuwa salama, nayo yalianguka. Chuma hakiungui, lakini kikipata moto mkali hulegea na kupinda, na jengo lililokiegemea huporomoka. Dawa iliyopatikana katika miaka iliyofuata ilikuwa udongo: matofali ya mvungu ya udongo wa kuchoma yalizungushiwa nguzo na mihimili ili moto usiifikie. Udongo uliingia katika jumba refu kwa namna hiyo, ndani na gizani, kama mlinzi wa mifupa. Ulikuja kutoka nje na kuwa uso baadaye.

Udongo huo ndio unaoitwa terakota, jina la Kiitaliano lisilo na fumbo lolote, kwa kuwa maana yake ni udongo uliopikwa. Mafundi wetu husema "tofali za kuchoma" bila kumwomba mtu ruhusa. Tunaona kwa hiyo kwamba "udongo wa kuchoma" ni istilahi iliyokwisha kuwapo, na kwamba terakota ibaki katika mabano ya vitabu vya sanaa.

Jumba linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza la aina mpya ni lile la kampuni ya bima ya Home Insurance, lililokamilika mwaka 1885 kwa usanifu wa William Le Baron Jenney. Lilikuwa na ghorofa 10, likaongezewa mbili mwaka 1891, na likabomolewa mwaka 1931. Ndani yake uzito mwingi ulichukuliwa na kiunzi cha chuma. Hata hivyo baadhi ya kuta zake bado zilibeba. Lilikuwa, kwa lugha yetu, nyumba yenye kuta na viambaza pamoja, na ndiyo sababu wanahistoria hawajaacha kubishana juu ya cheo chake. Wangekuwa na maneno mawili kama sisi, ubishi ungekuwa mfupi.

Mfano ulio bora zaidi kwa mwalimu ni jumba la Monadnock, kwa sababu jengo moja linaonyesha hali zote mbili. Nusu yake ya kaskazini, iliyosanifiwa na Burnham na Root, ilikamilika mwaka 1891. Ina ghorofa 16, na kuta zake za nje ni za tofali zinazobeba, kama zilivyokuwa kuta za nyumba tangu kale. Tofali likibeba ghorofa 16 linadai malipo yake: unene wa ukuta chini kabisa ni kiasi cha futi 6, yaani karibu mita 1.8. Duka lililoko chini limepoteza nafasi ambayo lingeweza kupanga bidhaa, na dirisha lake limekuwa kama pango. Nusu ya kusini ilijengwa na Holabird na Roche, ikakamilika mwaka 1893, miaka miwili tu baadaye. Hiyo ilisimamishwa juu ya kiunzi cha chuma, na tofali na udongo wake wa kuchoma vimetundikwa tu. Ukisimama ng'ambo ya barabara, utaona nusu mbili za rangi moja ya hudhurungi, zenye urefu unaolingana, kama ndugu wa tumbo moja. Upande mmoja ni ukuta. Upande wa pili ni kiambaza. Mfasiri anayeandika "kuta za Monadnock" kwa zote mbili hajasema uongo, lakini amelificha jambo pekee linalowafanya watu wasafiri kwenda kulitazama jengo hilo.

Uso ulipoachishwa kazi ya kubeba, ulikuwa huru kuchagua rangi. Kabla ya hapo rangi ya jengo ilikuwa rangi ya jiwe au tofali lililopatikana. Sasa ikawa suala la hiari, na hiari ya kwanza ya Chicago ilikuwa nyeupe. Mtu asiyeujua mji huo huweza kudhani kwamba walipenda weupe kwa urembo. Sababu ilikuwa masizi. Mji uliendeshwa kwa makaa ya mawe laini yenye moshi mzito, na kila kilichojengwa kilikuwa cheusi kabla hakijazoeleka. Jumba la Reliance, ambalo ghorofa zake za juu zilisanifiwa na Charles Atwood na kukamilika mwaka 1895, lilivalishwa udongo wa kuchoma wenye ngozi ya kung'aa, ya rangi nyeupe, na madirisha makubwa yaliyoacha nafasi ndogo mno kwa kitu kingine chochote. Ahadi ilikuwa kwamba mvua italiosha kama sahani.

Ngozi hiyo ya kung'aa nayo inahitaji jina. Wako wanaopendekeza "king'arisho", lakini neno hilo laweza kueleweka kuwa dawa ya kung'arishia viatu. Pwani yetu imezoea kauri juu ya kuta tangu karne nyingi: makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui yalipachikwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo, nazo ziling'aa katika chokaa kavu. Tunaona "ngozi ya kauri" inaeleweka kwa anayesoma mara ya kwanza, na inamfundisha jambo la kweli, kwamba ni tabaka jembamba juu ya mwili wa udongo. Ahadi ya mvua, kwa bahati mbaya, haikutimia yote. Ngozi ilipata nyufa, maji yakapenya hadi kwenye vishikizo vya chuma, vishikizo vikashika kutu na kuvimba, na vipande vikasukumwa nje. Jumba la Reliance lilichakaa sana, likakarabatiwa katika miaka ya 1990, na mwaka 1999 likafunguliwa kuwa hoteli.

Hatuwezi kuuacha weupe wa Chicago bila kutaja maonyesho makubwa ya mwaka 1893, ambayo majumba yake yaliupa uwanja jina la Mji Mweupe. Watu walioyatembelea walidhani wanaona mawe. Walichokiona kilikuwa jasi iliyochanganywa na nyuzi za katani ya Kihindi, ikakandikwa juu ya viunzi vya mbao na chuma, kisha ikapakwa rangi. Naam, ikakandikwa, hakuna kitenzi kingine kinachofaa. Mji mzima ulikuwa wa viambaza vilivyojifanya kuta. Mengi ya majumba hayo yaliungua mwaka 1894. Lililookoka, lile la sanaa, lilikuja kuvalishwa mawe ya chokaa baadaye na leo ni jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda. Louis Sullivan peke yake, katika jumba la vyombo vya usafiri, ndiye aliyethubutu kutumia rangi nyingi, nyekundu na za dhahabu, katikati ya weupe wa wengine.

Kilele cha weupe kilikuwa jumba la Wrigley, lililojengwa kwa mikupuo miwili, mnara wa kusini mwaka 1921 na sehemu ya kaskazini mwaka 1924. Lina vipande vya udongo wa kuchoma vipatavyo 250,000, na weupe wake si mmoja. Ni sita. Chini weupe umeelekea kijivu na rangi ya malai, na kadiri jicho linavyopanda weupe unazidi kuwa safi, hata juu kabisa ukawa wa kumeta, ili jumba lionekane kama linapaa penye mwanga. Usiku liliwashiwa taa tangu mwanzo.

Hapa watafsiri hutujia na malalamiko ambayo ni ya haki. Kiswahili, wanasema, kina "-eupe" moja. Tutaipataje ya sita? Ni kweli kwamba mizizi yetu ya asili ya rangi ni mitatu, nyeupe, nyeusi na nyekundu, na kwamba rangi nyingine zote tumezitaja ama kwa maneno ya mkopo, kama vile samawati na hudhurungi, ama kwa mfano wa kitu: kijani, kijivu, kahawia, rangi ya chungwa, damu ya mzee. Njia hiyo ya mfano wa kitu si umaskini. Ndiyo njia waliyoitumia hata wenye viwanda vya udongo, kwa kuwa orodha zao nao zilijaa maziwa na pembe za ndovu. Twaweza kusema nyeupe ya chokaa, nyeupe ya pembe, nyeupe ya malai, nyeupe ya pamba. Lakini tuonye hapo hapo: mfano hufaa tu ikiwa kitu kinajulikana na hakibadiliki. "Nyeupe ya maziwa" itamfanya msomaji mmoja afikirie maziwa mabichi na mwingine mtindi. Katika maandishi ya fasihi hilo si neno. Katika mkataba, mfasiri aandike "nyeupe" na kuambatanisha nambari ya rangi kama ilivyo katika orodha ya mwenye kiwanda, asijaribu kuwa mshairi kwa fedha za umma.

Majumba ya miaka hiyo hiyo yaliyofuata njia nyingine tutayapitia upesi. Mnara wa gazeti la Tribune, uliokamilika mwaka 1925, ulivalishwa mawe ya chokaa kutoka Indiana, ya kijivu, ukaiga makanisa ya kale ya Ulaya. Jumba la Carbide and Carbon la mwaka 1929 lilithubutu zaidi: chini itale nyeusi iliyosuguliwa, juu udongo wa kuchoma wa kijani kilichokoza, na kileleni dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi. Wenyeji husema ni chupa ya mvinyo iliyofungwa kwa karatasi ya dhahabu. Baada ya hapo ikaja dhiki ya uchumi, kisha vita, na kwa muda mrefu hapakujengwa kitu cha kutajika.

Mwaka 1951 majumba pacha ya makazi yalikamilika kando ya ziwa Michigan, nambari 860 na 880 za Lake Shore Drive, kazi ya Ludwig Mies van der Rohe. Yana ghorofa 26 kila moja, nayo ni chuma cheusi na kioo, basi. Mtazamaji husema: hapa hatimaye mifupa imeonekana. Haikuonekana. Sheria ya moto ilidai chuma kinachobeba kifunikwe kwa zege, na kikafunikwa. Vyuma vyembamba vyeusi vinavyopanda usoni vililehemewa nje baadaye. Hukaza vioo na kupamba, lakini havibebi ghorofa. Katika nyumba yetu ya miti vitu vyembamba kama hivyo, vinavyopita usoni kushikilia kilichojazwa, huitwa fito. Tunapendekeza neno hilo hilo, ufito kwa umoja, mahali ambapo watafsiri wengi wamekuwa wakiandika "nguzo" na kuwapotosha wanafunzi wa uhandisi.

Kuhusu chuma chenyewe, lugha yetu ina pua na feleji, maneno yaliyojulikana kwa wafua visu na majambia zamani sana. Tatizo ni kwamba "chuma cha pua" siku hizi hutumika kwa chuma kigumu cha ujenzi na pia kwa kile cha masufuria kisichoshika kutu. Chicago inatuonya kwa majumba mawili. La kwanza ni la kampuni ya Inland Steel, lililokamilika mwaka 1958, ambalo uso wake ni wa chuma kisichoshika kutu, cheupe cha fedha. La pili ni la mahakama na ofisi za serikali za mitaa, linaloitwa sasa Daley Center, la mwaka 1965, ambalo chuma chake kilichaguliwa kwa sababu kinashika kutu. Chuma hicho kina shaba na madini mengine kidogo. Kutu yake ya kwanza hushikamana kama gamba na kuizuia ile ya pili. Jumba lilianza na rangi ya chungwa iliyochafuka, na kwa miaka likaiva hadi hudhurungi. Sanamu ya Picasso iliyosimamishwa uwanjani pake mwaka 1967 ni ya chuma hicho hicho. Mfasiri aliyeandika "chuma cha pua" kwa majumba yote mawili ameweka nafasi moja kwa vitu vinavyopingana. Sisi twasema: "chuma kisichoshika kutu" kwa kimoja, na "chuma cha gamba la kutu" kwa kingine. Ni marefu, lakini urefu si kosa pale ufupi unapodanganya.

Kisha weusi ukatawala. Jumba la John Hancock la mwaka 1969, ghorofa 100, na mnara wa Sears wa mwaka 1973, ghorofa 110 na mita 442, ambao tangu mwaka 2009 unaitwa Willis, yote yalivalishwa alumini iliyotiwa weusi kwa njia ya umeme. Hapa wapo watakaotupinga, na pingamizi lao lina uzito. Katika majumba hayo mawili, watasema, nguzo za nje ndizo zinazobeba na kuzuia upepo. Mhandisi Fazlur Khan aliurudisha mzigo ukingoni, na mikingamo mikubwa ya Hancock inaonekana toka mbali. Je, hapo si ukuta umerudi? La, mzigo umerudi ukingoni, lakini alumini unayoigusa haibebi chochote. Mifupa imesogea hadi chini ya ngozi, na ngozi imebaki ngozi.

Tumefika sasa kwenye jumba linalofaa kusomwa na kila mtumishi anayetia sahihi mkataba wa ujenzi. Mwaka 1973 kampuni ya mafuta ya Standard Oil ilikamilisha jumba lake la ghorofa 83, lenye mita 346, ambalo leo huitwa Aon Center. Wakati majirani wakivaa nyeusi, lenyewe lilivaa marumaru nyeupe ya Carrara, kutoka Italia, vipande zaidi ya 40,000. Marumaru ni jina lenye heshima. Mtu akilisikia hufikiri juu ya makaburi ya wafalme na nguzo za misikiti. Lakini vipande hivi vilikuwa na unene wa kiasi cha sentimita 3 hadi 4 tu, vikitundikwa mamia ya futi angani katika mji wenye baridi kali na joto kali. Mwaka 1974 kipande kimoja kilianguka na kutoboa paa la jengo la jirani. Katika miaka ya 1980 ukaguzi ulionyesha kwamba vipande vingi vilikuwa vimepinda kama ubao uliolowa na kupata nyufa. Vikafungwa kwanza kwa mikanda ya chuma, na kati ya mwaka 1990 na 1992 marumaru yote ikateremshwa, jumba likavalishwa upya itale nyeupe ya North Carolina, iliyo nene zaidi, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 80. Kiunzi hakikuguswa. Jumba la ghorofa 83 lilibadilishwa nguo zote huku limesimama, jambo ambalo hakuna awezaye kulifanya kwa ukuta.

Neno marumaru lenyewe limekwisha kuhama katika maduka yetu. Ukiingia katika duka la vifaa vya ujenzi Tanzania ukaomba marumaru, utaletewa vigae vya udongo vyenye ngozi ya kauri, vya kutandika sakafuni. Muuzaji hana kosa. Hivyo ndivyo lugha inavyokwenda. Lakini tazama matokeo: jumba la Wrigley, la udongo, na jumba la Standard Oil, la jiwe, yote mawili ni "majumba ya marumaru" kwa lugha ya dukani. Mmoja aliharibiwa na kutu ya vishikizo, mwingine na joto lililolegeza chembe za jiwe. Tiba zake ni mbali mbali. Kwa hiyo katika maandishi ya kitaalamu twashauri "jiwe la marumaru" kwa kile kinachochimbwa na "vigae vya kauri" kwa kile kinachochomwa, na neno marumaru peke yake liachiwe muuzaji na mteja wake.

Wako wanaosema kwamba neno kiambaza lina harufu ya udongo na ufukara, na kwamba mwekezaji hatafurahi kusikia mnara wake wa vioo ukipewa jina la kibanda. Badala yake wamependekeza "ukuta pazia", kwa kulifuata neno la Kiingereza sawia. Hatulichukii pazia. Linaning'inia, halibebi, na kila mtu analijua. Lakini pazia ni la kufungua na kufunga, tena limo ndani ya nyumba, na kulitanguliza kwa "ukuta" ni kurudisha kosa lile lile tunalolikimbia. Kuhusu ufukara, ofisi haina haja ya kuona haya kwa neno ambalo fundi alilihitaji. Nyumba ya miti ya pwani na mnara wa Chicago zimejengwa kwa hoja moja: kwanza kiunzi, kisha kijazio. Nyumba ya mawe ndiyo iliyo mbali nayo.

Na tofauti hii si ya kamusi tu. Tarehe 25 Desemba, 2020, huko Zanzibar, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa. Hiyo ilikuwa nyumba ya kuta za mawe na chokaa; zilipoporomoka, sakafu na paa zilifuata. Mwezi Oktoba 1999, huko Chicago, kipande cha kioo kilianguka kutoka katika jumba jekundu la CNA, lililojengwa mwaka 1972, kikamwua mwanamke aliyekuwa akipita na mtoto wake. Jumba halikutikisika; waliokuwa ofisini humo hawakuhitaji hata kuinuka. Mkaguzi wa kuta huuliza kama waliomo ndani wako salama. Mkaguzi wa viambaza lazima aulize juu ya wapita njia. Fomu yenye swali moja humwuliza mmoja tu kati yao, na ndiyo maana tunapendekeza kwa wenzetu wa idara za ujenzi kwamba iwe na mistari miwili, "kuta" na "viambaza vya nje", na katika mstari wa pili pawe na mahali pa kuandika kifaa, unene, na aina ya vishikizo.

Mstari wa rangi ndio uliobaki kutusumbua. Mwaka 1983, kwenye kona ya mto, jumba la 333 Wacker Drive lilikamilika likiwa na uso uliopinda wa kioo cha kijani, unaofuata mkunjo wa maji. Asubuhi huonyesha mto. Jioni huonyesha majumba ya ng'ambo na mawingu. Kioo chenyewe ni cha kijani, na hivyo ndivyo itakavyoandikwa katika mkataba. Lakini mwalimu akimwuliza mwanafunzi jumba hilo lina rangi gani, naye akajibu kwamba leo ni la kijivu kwa sababu kuna mvua, tungependa kusikia kutoka kwa wasomaji ni alama ngapi zinazomfaa.